Jinsi ya kuisoma rivolva ndogo ya mfukoni ya Kimarekani ya karne ya 19 kabla hujatoa hela

Mtu akishika rivolva ndogo ya zamani cha kwanza anatafuta jina lililogongwa kwenye mtutu, akiliona Colt au Smith & Wesson moyo unaruka na bei ya muuzaji ghafla inaonekana ya haki kabisa. Sasa jina ndo kitu rahisi kuliko vyote kugongwa upya, na hata likiwa la kweli halikwambii silaha ni ya mwaka gani wala kama vipande vyake vilizaliwa pamoja. We anza na swali lingine: hii inajazwa risasi vipi? Ukijibu hilo umeshajua miaka yake kwa makadirio, na umejua nani angeweza kuitengeneza na nani asingeweza, maana soko la rivolva Marekani karne ile liliendeshwa na patenti mbili na karibu kila umbo la ajabu utakaloliona limetokana na mtu aliyekuwa anazitii, anazikwepa au anazivunja.

Ila kabla ya historia, hakikisha haina kitu ndani. Naongea hasa kuhusu zile za baruti na fataki (vikofia vidogo vya kuwashia baruti), zinazojazwa kwa mbele ya silinda, maana nyingi zilijazwa zikawekwa kwenye droo na mwenyewe akafa, zikarithiwa hivyohivyo na baruti nyeusi iliyokaa pakavu haijui kwamba miaka mia imepita. Usielekeze mtutu kwa mtu. Angalia nyuma ya silinda kama kuna fataki zimekaa kwenye vile vichuchu, halafu vuta nyundo taratibu mpaka nusu, silinda itazunguka kwa mkono, chukua kijiti cha mbao kinachopita kwenye mtutu (usitumie chuma), kiingize mpaka kigote, weka alama, kitoe ukipime kwa nje. Kinatakiwa kifike karibu kabisa na vichuchu. Zungusha, pima chemba inayofuata, mpaka zote ziishe. Kijiti kikiishia katikati ya silinda kuna risasi mle, na hapo usianze kuchokonoa na bisibisi, iache, mpelekee fundi wa silaha anayezijua za zamani. Zile za risasi za ganda (risasi na baruti vikiwa pamoja kwenye ganda moja) ni rahisi zaidi, unafungua au unatoa silinda unaangalia kwa macho.

Haya, patenti ya kwanza. Samuel Colt alipata yake ya Marekani Februari 1836, kiwanda chake cha mwanzo kikiwa Paterson, New Jersey, na kile kilikufa mwaka 1842 lakini patenti haikufa, ikaongezewa muda mpaka 1857. Maana yake kwa mnunuzi ni kwamba rivolva ya Kimarekani ambayo silinda yake inazungushwa na kufungwa mahali pake kwa kuvuta nyundo tu, kama kweli ni ya kabla ya 1857, basi ama ni Colt ama ni ya mtu aliyekuwa anatafuta kesi. Massachusetts Arms Company walijaribu wakashindwa mahakamani mwaka 1851. Kwa hiyo ukionyeshwa kitu kinachofanana na Colt kimeandikwa Manhattan, jina la kiwanda kingine, na muuzaji anasema ni cha mwaka 1850, cheka kidogo, Manhattan walisubiri patenti iishe ndo wakatoa kopi zao.

Colt ya mfukoni utakayokutana nayo zaidi ni ile ya 1849, kaliba .31, iliyotengenezwa kuanzia 1850 mpaka 1873 na zilitoka zaidi ya 300,000, hakuna Colt ya fataki iliyotengenezwa kwa wingi kuishinda. Kwa hiyo usikubali kuuziwa kwa neno "adimu" peke yake. Ilitanguliwa na Baby Dragoon ya 1848, nayo .31, ambayo nyingi hazina mdeki (mkono wa kushindilia risasi) chini ya mtutu, unatoa silinda ndo unashindilia. Lakini ipo pia aina ya 1849 isiyo na mdeki, wakusanyaji wanaiita Wells Fargo, na bei yake iko juu, sasa wajanja wanafanya nini, wanachukua ya kawaida wanatoa mdeki, wanakata mtutu, wanauza. Angalia chini ya mtutu kama kuna alama ya kitu kilichojazwa au kuchomelewa pale kitasa cha mdeki kilipokuwepo, angalia kama ile pini ndogo ya kulengea mbele ipo na imekaa vizuri, halafu tazama maandishi ya anwani juu ya mtutu yamekaaje, mtutu uliokatwa maandishi yanasogelea sana mdomo. Mitutu ya 1849 ni inchi 3 mpaka 6, ukipima ukakuta kipimo cha ajabu jiulize imepita mikono ya nani.

Kwenye silinda ya 1849 kuna mchoro wa uvamizi wa gari la abiria la farasi, kazi ya mchongaji Waterman Ormsby, umebanwa kwenye chuma kwa roli na haukuchongwa kwa mkono, kwa hiyo hauendi ndani sana na unafutika mapema. Huo mchoro ni shahidi mzuri sana. Mtutu umeliwa na kutu mashimo mashimo halafu mchoro wa silinda uko safi kama wa jana? Hizo hazikukaa droo moja. Geuza uangalie namba za siriali, Colt za fataki zina namba kwenye mtutu, fremu, kilinda triga, mkanda wa mpini, silinda, mpaka kwenye kabari inayoshikilia mtutu, na zote zinatakiwa zifanane. Kabari kutofanana nitavumilia maana zilipotea sana, silinda kutofanana bei ishuke sana, na mtutu kutofanana na fremu mimi hapo narudisha mzigo mezani.

Zipo nyingine za Colt za wakati huohuo nitazitaja haraka. Ya 1855 wanayoiita Root, kwa jina la Elisha K. Root aliyekuwa msimamizi wa kiwanda cha Hartford, utaitambua maana nyundo iko ubavuni, fremu imefunga juu, na triga haina kilinzi, ni kijinundu tu kinachochomoza. Pocket Police ya 1862 ni kaliba .36, risasi tano, silinda imechimbwa mifereji. Na upande wa Remington wa Ilion, New York, kuna ile Remington-Rider ya mfukoni ambayo silinda yake imevimba kama uyoga, ukishaiona mara moja hutaisahau tena, nzuri kwa mtu anayetaka kitu cha kuanza nacho kisicho Colt.

Patenti ya pili ndo tamu. Aprili 3, 1855 Rollin White alipata patenti iliyohusu silinda iliyotobolewa moja kwa moja, mbele mpaka nyuma. Leo tunaona ni kitu cha kawaida, lakini bila tundu hilo huwezi kuingiza risasi ya ganda kwa nyuma, basi. Smith & Wesson wakakubaliana naye wamlipe senti 25 kwa kila rivolva, na sharti likawa White mwenyewe ndo abebe mzigo wa kwenda mahakamani kuitetea. Kwa hiyo wao wakauza, yeye akahangaika na kesi. Patenti ikaisha 1869, White akaomba aongezewe muda, Bunge likapitisha, Rais Grant akaigomea mwaka 1870.

Kwa hiyo kati ya 1857 na 1869 rivolva ya Kimarekani inayojazwa risasi za ganda kwa nyuma, silinda imetobolewa yote, kihalali ni Smith & Wesson wa Springfield, Massachusetts. Kile kidogo kabisa, Model 1, kaliba .22, risasi saba, mtutu unabinuka kwenda juu kwa bawaba iliyoko juu ya fremu, silinda unaichomoa mkononi na maganda unayasukuma kwa kile kijiti kilichosimama chini ya mtutu. Ilitengenezwa toleo tatu kati ya 1857 na 1882 na kuzitofautisha hakuhitaji kitabu. Toleo la kwanza fremu ya shaba ya njano iliyopakwa fedha ina ubavu wa mviringo, na kifuniko chake ni kiduara kidogo. La pili, kuanzia 1860, ubavu ni bapa na kifuniko ni kikubwa zaidi. La tatu, kuanzia 1868, mtutu umekuwa wa mviringo, silinda ina mifereji, na mpini umepinda chini kama kichwa cha ndege. La kwanza ndo lenye hela, kwa hiyo ndo la kulitilia shaka.

Na hapa watu wengi wanajikwaa: tarehe zilizogongwa kwenye silinda. Utaona April 3, 1855, labda na July 5, 1859 na Dec. 18, 1860, muuzaji anakwambia kwa uso mkavu kwamba silaha ni ya 1855. Hapana. Hizo ni tarehe za patenti, na Smith & Wesson walikuwa hawajatoa hata rivolva moja mwaka 1855. Tarehe ya patenti inakwambia silaha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo, inaweza kuwa ya miaka ishirini baadaye. Soma tarehe ya mwisho kwenye orodha, hiyo ndo mpaka wako wa chini.

Waliokwepa patenti ya White ndo wamenipa mimi furaha kuliko wote, maana akili iliyotumika pale ni ya kibabe. Moore wa Brooklyn alitoa rivolva ya .32 ya risasi sita inayojazwa kwa mbele, risasi yake ina chuchu nyuma inayochungulia kwenye tundu dogo la silinda ili nyundo iipige, kwa hiyo silinda haikutobolewa "yote" na mwanasheria wake alikuwa na la kusema. Plant wakawa na risasi yenye tako lililobonyea kama kikombe, nayo inaingia kwa mbele. Slocum, iliyotengenezwa na Brooklyn Arms, ikawa na mirija inayoteleza kwenye ubavu wa silinda, unaivuta mmoja mmoja kujaza. Ukikuta silinda ya ajabu namna hiyo usidhani mtu ameichezea, hayo ndo maumbile yake, na mara nyingi bei yake ni nafuu kuliko Smith & Wesson ya wakati uleule japo ni adimu zaidi. Mimi ningeanzia hapo.

Halafu kuna waliovunja patenti waziwazi wakakamatwa. Lucius Pond, Warner, Bacon, Moore na hizo nyingine zake, walipobanwa mahakamani baadhi ya rivolva zao ziligongwa maandishi kwamba zimetengenezwa kwa ajili ya Smith & Wesson. Kwa hiyo ukiona jina la Smith & Wesson kwenye kitu ambacho hakifanani kabisa na Smith & Wesson, inaweza isiwe feki, ila pia isiuzwe kwa bei ya Smith & Wesson.

Baada ya 1869 mlango ukafunguka na mafuriko yakaja. Colt wakatoa ya .22 yenye risasi saba kuanzia 1871, halafu New Line kuanzia 1873 za kaliba .22 mpaka .41. Wakati huohuo mabaki ya vipande vya rivolva za fataki yakageuzwa kiwandani kuwa za risasi za ganda, kwa hiyo Colt ya mfukoni yenye umbo la zamani lakini silinda ya kisasa inaweza kuwa kazi halali ya Hartford, kagua namba kabla hujailaumu. Viwanda vya Worcester na Norwich navyo vikamwaga rivolva ndogo za bei rahisi, triga ya kijinundu, nikeli inang'aa, risasi saba kwa .22 na tano kwa .32 na kuendelea, hazina jina la kiwanda bali majina ya mbwembwe: Swamp Angel ya Forehand & Wadsworth, Blue Jacket ya Hopkins & Allen, Defender ya Johnson & Bye, mamia ya majina. Wakusanyaji wa baadaye wakazibatiza "suicide special", jina baya ila limeganda. Kwa mtu mwenye hela ndogo hili ni eneo zuri sana kwa sababu unakusanya majina, ila kubali kwamba chuma chake kilikuwa cha dola chache hata siku kinatoka kiwandani na springi zake nyingi zimeshachoka.

Miaka ya 1880 ni zama za zile zinazokatika juu, unainua kitasa mtutu unainama na maganda yote yanarushwa nje kwa mpigo. Smith & Wesson ndo waliongoza, .38 yao ya mfukoni ilitoka 1876, ya triga inayoinua nyundo na kupiga kwa mvuto mmoja 1880, na 1887 ile isiyoonyesha nyundo yenye kibonyezo nyuma ya mpini. Iver Johnson na Harrington & Richardson wakafuata kwa bei ya chini. Sasa hizi zina hatari yake: risasi za .32 S&W na .38 S&W zinazotengenezwa leo zinaingia humo vizuri tu. Kuingia siyo ruhusa. Nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya baruti nyeusi, chuma kimezeeka, kitasa kimelegea, na ushauri wangu ni mfupi, usipige. Wala usibofye triga tupu kujifurahisha, kwenye za .22 na .32 za kupigwa ukingoni (kiwashio kiko ndani ya ukingo wa ganda) nyundo inagonga ukingo wa chemba na kuuharibu.

Tuje kwenye rangi, maana hapo ndo hela zinapotea. Silaha iliyopakwa upya kona zake zimekuwa duara, maandishi yamefifia lakini chuma kinang'aa, matundu ya skrubu yamezama kama visahani. Ukiona nikeli imepita juu ya mashimo ya kutu, ujue kutu ilitangulia na nikeli imekuja baadaye. Smith & Wesson ya nikeli ya kiwandani, hizi za kukatika juu, ilikuwa na kilinda triga cha bluu na nyundo yenye mawingu ya rangi za moto, kwa hiyo ukikuta kila kitu mpaka nyundo ni nikeli mtu ameirudia. Viwango vya NRA, chama cha wamiliki wa bunduki Marekani, kwa silaha za kale vinasaidia kubishana bei: "very good" inataka vipande vyote viwe vya asili hata kama rangi ya asili imebaki chini ya asilimia 30 au haipo kabisa, "fine" iwe zaidi ya 30, "excellent" zaidi ya 80. Umeona? Iliyochakaa rangi lakini kamili inaizidi inayong'aa yenye silinda ya kuazima.

Kopi nazo. Waitaliano wameanza kutengeneza upya hizi Colt tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na Uberti na wenzake wa Gardone Val Trompia lazima wagonge alama za ukaguzi, nyota juu ya herufi PN na msimbo wa mwaka ndani ya kijisanduku. Wajanja wanazisaga, kwa hiyo tafuta sehemu iliyobonyea isivyo kawaida chini ya mtutu nyuma ya mdeki. Herufi ELG ndani ya yai ni Liège, Ubelgiji, na COLT BREVETE ni kopi ya kule, nyingine za zamani kweli na nzuri ila siyo za Hartford. Viwanda vya Marekani havikuwa na ukaguzi wa serikali wa aina hiyo.

Kuhusu sheria, ya shirikisho la Marekani ya 1968 inahesabu silaha ni ya kale ikiwa ilitengenezwa mwaka 1898 au kabla, lakini majimbo na miji ina kanuni zake, na mtu aliye nje ya Marekani afuate za kwao kabla hajanunua chochote. Tatizo ni zile zilizovuka mpaka, mfano Colt New Pocket ilitengenezwa 1893 mpaka 1905 na kwa macho ya 1895 na ya 1902 ni mapacha. Hapo namba ya siriali ndo inaamua, na kama bei ni kubwa lipia barua ya kumbukumbu za kiwanda, Colt wanayo huduma hiyo na kwa Smith & Wesson ipo taasisi yao ya historia, barua inakuja na tarehe iliyotoka kiwandani na mara nyingi rangi na urefu wa mtutu, na ikitofautiana na ulichoshika mkononi, ama muuzaji apunguze ama mwachie.

Ukishainunua usiisugue. Ule ukahawia juu ya chuma ni umri, ukiutoa kwa brashi ya waya au dawa ya kung'arisha shaba umetoa na thamani. Mafuta mepesi kidogo kwenye kitambaa cha pamba, nta ya makumbusho juu yake, shika kwa glavu maana jasho lina chumvi. Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi hata kama ni ala yake ya asili, ngozi inavuta unyevu na ina asidi, viweke mbalimbali. Kama lazima ufungue skrubu tafuta bisibisi yenye ncha iliyonolewa kujaa mfereji wote, ile ya kawaida yenye ncha ya kabari itateleza na kukwaruza fremu.